Gololi ya Tereza Ilipokwenda Likizo

Leja ya vifaa ya shule moja ya sekondari wilayani Kisarawe, ukurasa wa 31, inaonyesha kwamba tarehe 14 Agosti 2006 katibu muhtasi Tereza Mbena alipokea kompyuta moja, kibodi moja na kipanya kimoja. Gololi haikutajwa.

Kipanya hicho ni cha kizamani, chenye gololi ya mpira tumboni. Gololi isipozunguka, mshale kwenye skrini hausogei. Kilikuwa cheupe, sasa kina rangi ya chai ya maziwa. Shule imempa Tereza vipya vitatu. Vyote viko kwenye droo, ndani ya maboksi yao.

"Hivi vya sasa vyepesi mno," anasema. "Ukipiga chafya tu, barua imefutika."

Kila Ijumaa saa tisa hukifungua, akaisafisha gololi kwa spiriti na kuchokoa taka kwa ncha ya pini. Saa hiyo hata mkuu wa shule husubiri barua yake.

Mwaka 2007 mwalimu mmoja aliingia ofisini wakati wa chakula, akacheza karata kwenye kompyuta hiyo na kufuta mtihani wa kidato cha pili. Tangu siku hiyo, Tereza akitoka ofisini hutoka na gololi kwenye pochi. Aliwahi kushauriwa aweke nenosiri.

"Nenosiri watu wanachungulia ukiandika," alijibu. "Kwenye pochi yangu atachungulia nani?"

Juni 2025 alikwenda likizo Magindu, kwa dada yake Hamisa, kuvuna mpunga. Gololi ilikwenda naye. Alhamisi ya tarehe 26, kamati ya kuhesabu mali ilipita shuleni. Jioni yake Mwalimu Kudra, anayefundisha kompyuta, alimpigia simu.

"Shikamoo mama. Mashine yako imeandikwa mbovu."

"Marahaba. Mbovu? Nimeiacha nzima!"

"Wamesukuma mausi wee, mshale umekaa palepale. Mzee Castory wa kamati kaitikisa sikioni kama anachagua nazi. Jumatatu inapakiwa kwenda mnadani."

Tereza aliuacha mpunga. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alishaapa kwamba hatajifunza kipanya kingine. Lakini ili kuthibitisha kwamba mashine ni nzima, ilibidi aitoe gololi. Na kuitoa gololi ilikuwa kukiri kwamba mali ya umma imelala nyumbani kwake miaka kumi na minane.

Jumatatu asubuhi aliikuta kompyuta barazani, imefungwa kamba. Castory, mwenyekiti wa kamati, alikuwa anasubiri gari.

"Fungua kamba, baba. Hiyo nzima."

"Mama, nimeipima mwenyewe."

Tereza aliomba ipimwe tena mbele yake. Kompyuta iliporudishwa mezani na kuwashwa, alifungua pochi, akasogeza risiti na pipi za kifua, akaitoa gololi na kuirudisha tumboni mwa kipanya. Mshale ukakimbia hadi pembeni mwa skrini. Mwalimu Kudra alipiga makofi, peke yake.

"Hii ilikuwa wapi?" aliuliza Castory.

"Kwenye pochi."

"Tangu lini?"

"Tangu 2007."

"Na kibali cha kutoa kifaa nje ya ofisi?"

"Kibali sina. Gololi ninayo. Wangapi umewakagua wana kibali na kifaa hawana?"

Castory aliitazama fomu yake. Ina safu mbili tu, nzima na mbovu. Hakuna safu ya kifaa kilichokwenda likizo. Alikata "mbovu", akaandika "nzima", kisha akaongeza mstari kwenye leja: gololi, moja. Halafu akachukua brashi na rangi nyeupe, kwa sababu kila mali lazima iwe na namba.

"Ukiipaka rangi haizunguki," Tereza alimwambia.

Namba ikaandikwa kwenye kopo la kahawa, na gololi ikatiwa humo.

Kopo hilo sasa hulala ofisini, ndani ya sefu ya mitihani. Tereza anastaafu tarehe 30 Juni 2026, na siku hiyo atalikabidhi kwa Mwalimu Kudra, kwa saini.