Aiskrimu Iliyopotea Kila Jumapili

Nyumbani kwangu aiskrimu ilikuwa inaibiwa, na wezi walikuwa walewale wanaoitengeneza.

Msicheke kwanza. Nisimulie taratibu, maana kuna mahali nitalia tena.

Mimi ni mpambaji wa keki. Niliolewa na fundi wa kuchomelea mageti, mwanaume mpole, aliyekuja na watoto wawili.

Mkubwa ana miaka kumi. Namwita Hakimu, kwa sababu kila ninachofanya ananitazama kama anatoa hukumu. Mdogo ni Kibonge, na jina linajieleza.

Mama yao aliachana na baba yao, akahamia mji mwingine, simu ikawa haipatikani. Ndivyo alivyojua mume wangu, na ndivyo nilivyoambiwa.

Mimi waliniita Anti. Anti chumvi iko wapi, Anti viatu vimechanika. Nilitamani waniite mama? Nilitamani sana, sitajifanya.

Nikaona dawa ni aiskrimu. Mtoto gani anakataa aiskrimu?

Kila Jumapili asubuhi tukawa tunajazana jikoni. Mashine hatuna. Krimu tunaichapa kwa mkono, kwa zamu, mpaka inasimama yenyewe. Tunamimina maziwa mazito ya kopo na vanila kidogo, tunatia kwenye kopo la plastiki, tunafunika, tunaingiza kwenye friza. Halafu kila mara mmoja anaitoa na kuikoroga ili isishike barafu.

Kwenye kukoroga, Hakimu alikuwa hana mzaha.

"Anti, ina chengachenga. Turudie."

"Mwanangu, chenga hizo zinayeyuka mdomoni."

"Turudie."

Tunarudia. Nikasema huyu mtoto ana kipaji, nitamrithisha kazi.

Tatizo likaanza kwenye mapambo. Mimi ndiyo kazi yangu, lazima nipambe. Nikaleta biskuti za kuvunjavunja, karanga, chokoleti. Wote wawili wakaruka juu.

"Usiweke! Tunataka nyeupe tu."

"Hata karanga kidogo?"

"Bila vipande, Anti."

"Nyinyi ni watoto au wagonjwa?" nikatania.

Hakuna aliyecheka. Hakimu alinitazama mpaka nikaona aibu bila kujua kosa langu.

Sasa sikia kituko. Ikishaganda, nikipakua, hawali.

"Tumeshiba."

Kibonge ashibe! Kibonge ambaye akimaliza chake anahamia kwenye sahani yako! Namwona anaikodolea macho, anameza mate, halafu anasema ameshiba.

Jioni nikifungua friza, kopo halipo. Nikiuliza, kila mmoja anatazama miguu yake.

Nikaamini wanaenda kuimwaga. Nikasema moyoni, hawa watoto hawanitaki kiasi kwamba hata nilichokigusa hawawezi kukila. Niliumia jamani. Kuna Jumapili nilijifungia bafuni nikafungulia bomba ili nisisikike.

Jumapili iliyofuata nikaamua leo ni leo. Nikajifanya nimelala.

Hakimu akalitoa kopo, akalizungushia magazeti, juu yake sweta la shule. Wakatoka kama wamefukuzwa. Mimi nyuma yao na sendo zangu, hasira imenipanda mpaka masikioni.

Walipita mtaa wa kwanza na wa pili. Mtaa wa tatu wakaingia nyumba yenye geti la bluu, chumba cha uani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikausukuma bila hodi.

Ndani kulikuwa na godoro chini. Juu yake mwanamke aliyeegemezwa kwenye mito, amekonda mpaka mifupa ya mabega inahesabika. Kibonge amepiga magoti na kijiko.

"Fungua, mama. Taratibu. Leo haina chenga hata moja."



Mwanamke akanyanyua macho, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni. Nikafungua mdomo niseme mimi ni nani.

Hakimu akaniwahi.

"Mama, huyu ni dada wa kazi."

Mimi! Niliyeolewa kwa sherehe, keki ya ngazi tatu niliyoipamba kwa mikono yangu mwenyewe!

Nikamgeukia yule mtoto. Siku hiyo hakuwa Hakimu. Midomo ilikuwa inatetemeka, macho yananisihi. Sijawahi kuombwa kitu namna ile.

Nikameza hasira yangu yote.

"Shikamoo dada," nikasema. "Ndiyo, mimi ndiye dada wa kazi."

"Marahaba." Sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu. "Karibu, mdogo wangu. Watoto wanakusifu. Koo langu limeota uvimbe, hata uji haupiti. Hii yenu tu ndiyo inashuka."

Nikakaa chini. Akanitazama kwa muda.

"Nikuulize. Baba yao ameoa?"

Kibonge aliganda na kijiko hewani.

"Hapana," nikajibu. "Yupo yupo tu."

Akafumba macho, akatikisa kichwa, akafungua mdomo apewe kijiko kingine.

Njiani Hakimu akaniambia yote. Mama yao alirudi akiwa mgonjwa, anauguzwa na mdogo wake, ambaye ndiye aliyewafuata watoto getini shuleni. Mama mwenyewe alikataza baba asiambiwe. Waliachana kwa maneno makali na hakutaka aje kumwonea huruma.

"Anasema akipona atarudi nyumbani," Hakimu akasema. "Ndiyo maana anakula. Akijua wewe upo, ataacha kula."

Kisha akalia, kilio cha mtoto aliyechoka kuwa mtu mzima. Nikamkumbatia palepale barabarani, na kwa mara ya kwanza hakujitoa.

Wakati wa chakula cha jioni nilimweleza mume wangu. Aliweka kijiko chini, akaondoka mezani. Nilipomfuata alikuwa amekaa kwenye ndoo uani, analia, mikono yake yenye makovu ya cheche usoni.

Mimi na watoto tuliamua kwenda naye, ingawa mama yao alikataza. Tukaenda kama bosi na mfanyakazi.

Unajua ilivyo kumwita mume wako "bosi" mbele ya mke wake wa zamani? Ubebe mkoba, ukae karibu na mlango, usimguse hata akilia? Mimi nilifanya. Waliombana msamaha nikiwa palepale, natazama sakafu. Niliona wivu, sitaficha. Niliona wivu kwa mtu anayekufa, na nikajichukia kwa hilo.

Tulipoaga, akamwambia mume wangu, "Huyu dada usimpoteze."

"Simpotezi," akajibu.

Hatukungoja tena Jumapili. Nikawa natengeneza kila siku na watoto, nyeupe, laini kama hariri. Tukifika anajitahidi kukaa. Anakula vijiko viwili, vitatu, anasema, "Leo mmepatia," na Kibonge anavimba kifua.

Na mimi, mjinga wa watu, nikaanza kuamini kwamba atapona. Nikaanza kujiuliza akipona mimi nitakwenda wapi. Halafu nikawa naomba apone hivyohivyo.

Hakupona.

Alifariki mchana, watoto wakiwa shuleni. Kopo la siku hiyo lilikuwa bado kwenye friza yetu.

Msibani sikukaa na wafiwa. Ningekaa kama nani? Nikaenda uani kuosha vyombo na wasaidizi wengine. Nilikuwa natoa masizi ya sufuria, machozi yanadondokea kwenye povu, mdogo wake marehemu akaja. Akanishika mkono uliolowa, akanivuta nyuma ya nyumba.

"Dada alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba wewe ndiye mke. Alijua siku ile ya kwanza. Ulipotoka tu akaniambia, dada wa kazi gani anaingia kwa watu bila hodi, na sura ya mtu aliyeibiwa chake? Alicheka mpaka akakohoa."

Nikajifuta povu kwenye kanga. Yeye akaendelea.

"Lile swali la kuoa aliliuliza makusudi. Alitaka akuone. Akasema, huyu mwanamke amekana ndoa yake mbele yangu ili wanangu wasiumbuke. Sasa najua watalelewa. Usiku ule ndipo alipolala usingizi."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia, watoto wangejua. Walijitahidi sana kumdanganya. Hakutaka wajue wameshindwa."

Nikadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Na ile aiskrimu, shemeji. Ilikuwa haishuki. Wiki za mwisho hata maji yalikuwa yanamchoma. Alikuwa anajikaza mkiwa pale. Mkitoka nje ya geti tu, mimi namshikia beseni, anatapika yote."

Nilikaa chini kwenye vumbi.

Sote tulikuwa tunamdanganya ili ale. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatudanganya. Alimeza maumivu kijiko baada ya kijiko, ili watoto wake waamini kwamba mikono yao inamponya mama yao.

Jioni ile Hakimu alinikuta chumbani nakunja nguo. Akasimama mlangoni, macho yamevimba.

"Anti, kwani mama aliamini? Kwamba wewe ni dada wa kazi?"

"Aliamini," nikamwambia. "Aliamini kabisa."

"Na aiskrimu ilimsaidia?"

Mungu anisamehe.

"Ilimsaidia sana, mwanangu. Bila nyinyi asingefika hata hapo alipofika."

Akashusha pumzi ndefu, akaja akalaza kichwa mapajani kwangu, akalia mpaka akapitiwa na usingizi.

Nilichojifunza ni hiki. Wewe unayelea mtoto wa mwenzio, ukimwona anakuficha kitu usikimbilie kununa. Huenda mgongoni amebeba mzigo ambao hata wewe mtu mzima ungeomba kupokewa. Na usishindane na mama yake, awe hai au asiwepo. Mimi nilishindana na mtu ambaye alikuwa ameshanikabidhi watoto, na hakunidai hata shukrani.

Ipo siku nitawaambia, wakiwa wakubwa, wana watoto wao. Kwa sasa Hakimu anatembea akijua alimpa mama yake kitu kilichoshuka bila kuuma.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama umetutambua, na ukakutana naye njiani akitoka shule, nakuomba sana. Msalimie tu, umwache apite.