Kompresa na Vigelegele vya Shangazi

Studio yangu ni chumba cha nyuma hapa Kihesa, magodoro yamegongelewa ukutani. Nina kompresa moja ya bei rahisi, kiboksi cha chuma chenye mshale unaoanguka kila kinapobana sauti. Kazi yake ni kubana sauti zinazozidi ili wimbo usikike sawasawa, lakini hiki changu hubana kama kina kisasi.

Kwaya ya usharika wetu ilipokuja kurekodi, shangazi yangu aliyenilea alisimama nyuma kabisa. Kila pambio lilipokolea alipiga vigelegele, mshale ukaanguka, na kwaya nzima ikazama kama imetumbukizwa kisimani. Nilizungusha kila kinachozungushika. Nikamtoa nje, akavipigia uani, na bado vikapenya.

"Shangazi, nakuomba, wimbo huu mmoja tu!" nilisema.

"Nisipige vigelegele, kwani kuna msiba?" akanijibu, na wote wakacheka.

Nikanyoosha mikono. Nyimbo zote zikatoka hivyohivyo, zinazama na kuibuka.

Mwaka huu tumemzika. Wanakwaya waliniomba nirekodi ibada, nikaibeba kompresa hadi kanisani na kuiweka vilevile kama siku ile. Wakaimba pambio alilolipenda. Lilipokolea, nilikodolea macho ule mshale, nikiusubiri uanguke. Nilisogeza hata maikrofoni nyuma, kule alikozoea kusimama.

Wimbo ulitoka safi toka mwanzo mpaka mwisho, kama nilivyomwomba.