Fundi Mgongo na Jumatano za Dada Yake

Katika kila lugha ninayoweza kuombea maji, kumpa mtu mgongo ni kumdharau. Ndiyo maana nusura niondoke kibandani kwa yule fundi wa mabegi. Alikuwa ameketi akitazama ukuta. Wateja walimwita Fundi Mgongo, naye aliitika.

"Weka begi hapo chini," alisema bila kugeuka. "Sema lilipoumia. Habari za safari baki nazo."

"Mkanda umekatika. Nasafiri kesho."

"Leo Jumatano. Jumatano ni sindano ya mkono tu. Utalipata jioni."

Cherehani kilikuwa pale pale, kimefunikwa kitambaa. Sikuuliza. Mwenye begi hamfundishi fundi kazi.

Adhuhuri akaingia dada yake mkubwa, mpishi wa shule ya jirani, na sufuria yake. Huja kila Jumatano, siku yake ya mapumziko. Akavuta kigoda, akauhadithia mgongo wa mdogo wake habari za goti lake na za jirani yake kwa nusu saa nzima. Alijibiwa "mm" nne. Nilizihesabu.

"Wewe na huo ukuta mtafunga ndoa lini?"

"Ukuta hauulizi maswali," fundi akajibu.

Tulicheka sote, ila dada aliacha kucheka mapema. Nje ya kibanda akanieleza. Mdogo wake alikuwa na miaka thelathini na minane daktari alipomwambia kwamba ana usonji. Jambo likapata jina, lakini swali la dada likabaki pale pale. "Miaka yote hii namletea chakula," alisema, "na sijui anayengojewa ni mimi au sufuria."

Siku hiyo walikuwa na miadi chuo kikuu. Watafiti wa ubongo waliwatafuta watu wenye usonji, kila mmoja na ndugu yake, wazungumze huku wakipimwa. Fundi alikuwa na sharti moja: begi langu aliliahidi jioni, basi begi liende naye. Begi likienda, mwenyewe nibaki wapi? Nikaongozana nao.

Chumba kilikuwa na viti viwili na dirisha la kioo, mimi nikawekwa nyuma ya kioo. Mtafiti, mwanamke wa sauti ya taratibu, akawavalisha kofia zenye nyaya na kuwapaka jeli kichwani.

"Nywele nimesuka jana," dada akalalamika.

"Itatoka kwa maji, mama."

"Na hasira za msusi wangu, zitatoka kwa maji?"

Dakika tano walikaa uso kwa uso. Fundi alitoa "mm" mbili na jasho jingi. Kisha mtafiti akasoma kwenye karatasi yake: "Sasa geuzeni viti, mpeane migongo, muendelee."

Fundi akashusha pumzi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

"Dada, hilo goti. Leo umesema linauma ukipanda ngazi. Wiki iliyopita liliuma ukishuka. Na yule jirani aliyeazima nyundo mwezi wa pili, kairudisha?"

Fundi akaendelea, Jumatano moja baada ya nyingine, hata muda ulipokwisha ikabidi mtafiti amkatize mara mbili.

Dada akamwendea mtafiti, kofia ingali kichwani, akaielekezea kidole mistari ya ubongo kwenye kompyuta. "Nionyeshe kwenye hiyo mistari. Anafurahi nikiwa naye?"

"Mistari ya mtu mmoja hainiambii hayo, mama. Tunakusanya ya wengi, watoto na wakubwa, tujue kukaa na ndugu kukoje kwao. Lakini yeye mwenyewe si huyo hapo? Umeshamuuliza?"

Hakuwahi. Akamtazama mdogo wake, kisha akajirekebisha, akautazama ukuta. "Mdogo wangu, nikija huwa unafurahi?"

"Jumatano sishoni kwa cherehani," fundi alisema, akifuta jeli sikioni. "Kina kelele. Nisingekusikia."

Dada akavua kofia. "Nami nikadhani kimeharibika. Mwaka wa sita huu nawaambia watu umeshindwa kutengeneza cherehani chako mwenyewe."

"Kumbe ndiyo maana wananiletea vipuri."

Mshono wa mwisho wa mkanda wangu aliupiga kwenye korido, na mpaka leo haujaachia. Mwaka uliofuata nilirudi na begi jingine, siku ya Jumatano. Walikuwa wameketi kwenye vigoda viwili, wamepeana migongo, sufuria ikiwa pembeni, na fundi alikuwa akiongea.

"Weka begi hapo chini," dada akaniambia bila kugeuka. "Habari za safari baki nazo."