Vikopo Vilivyorudi Vimejaa

Mwaka ule wa utafiti niliuomba mwenyewe, na nilipoupata sikufurahi. Mama yangu alikuwa amefariki wakati wa likizo kubwa, na tangu siku ya maziko nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono: anauona upo, lakini hausikii. Watu wa mtaa wetu wa Nguvumali walisema nimejikaza kiume. Sikujikaza. Nilikaa matangani nikijiuliza kama zile hitima zinamfikia maiti, na ni nani aliyepima akajua kwamba zinafika.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya kawaida ya sayansi ya tiba katika chuo cha ng'ambo ya ziwa. Wachache wetu waliruhusiwa kuongeza mwaka mmoja, wafanye uchunguzi wao wenyewe na kuuandikia tasnifu. Aliyefanya vizuri alipata shahada ya daraja la juu na, Mungu akipenda, nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. "Mungu akipenda" ni maneno ya mama mdogo, ambaye nilikaa kwake. Mimi niliona atakayependa au asiyependa ni msimamizi wangu, Mwingereza mpole mwenye shingo nyekundu, aliyekuwa na chumba katika maabara ya serikali mjini Tanga.

Nilichagua safura, vile vijinyoo vinavyojishikiza utumboni vikanyonya damu mpaka mtu anapauka viganja na kuhema akibeba ndoo ya maji. Nilitaka kujua jambo moja: je, nyumba zenye choo cha shimo zina nafuu kuliko zile ambazo watu wake huenda vichakani? Kila mtu alisema zina nafuu. Niliuliza imeonekana wapi, wakasema inajulikana. Basi nikachagua kijiji kimoja upande wa Pangani, nikakusanya vikopo vya bati vya rangi ya viatu, nikaviosha, nikabandika namba juu ya kila kimoja, nikaenda.

Jumbe aliwakusanya watu barazani kwake. Niliwaeleza kwamba kila mtu, mkubwa na mdogo, atapewa kikopo chake, na asubuhi atie humo kinyesi chake kidogo. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mwanangu, masomo yote hayo, mpaka ukavuka ziwa, ndiyo umekuja kutuomba mavi?"

Watu wakacheka wakashikana mabega. Mzee mmoja akanyoosha mkono kuwatuliza. "Mpeni, jamani. Huyu ndiye mtu wa kwanza wa serikali kututaka kitu tulicho nacho."

Nami nilicheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Kesho yake vikopo vilipangwa juu ya benchi la jumbe, na kila kimoja kilikuwa na kitu. Msimamizi wangu alipoviona maabarani alivua miwani akaifuta. Alisema miaka yote aliyokaa Afrika hajapata kuona kijiji kilichoitika namna ile. Tasnifu yangu, alisema, imekwisha nusu.

Kwa wiki kadhaa kazi yangu ikawa kuinama juu ya hadubini. Kazi hiyo ilinifaa, kwani haikudai nisikie lolote. Nilihesabu mayai ya minyoo, nikaandika, nikala, nikalala. Mama mdogo alinisemesha, nikamjibu, na akishaondoka sikukumbuka tumesema nini.

Siku moja nikafika kwenye vikopo vya nyumba niliyolala nilipokuwa kijijini, nyumba ya bibi mmoja mjane aliyekuwa na udugu wa mbali na mama yangu. Cha kwanza kilikuwa na mayai ya tegu. Tegu hupatikana kwa kula nyama ya ng'ombe isiyoiva, na watu wa kijiji kile walikula samaki. Nikaona ni jambo la kuandika. Cha pili kikawa na tegu. Cha tatu pia. Cha mwisho kilikuwa cha mtoto wa maziwa, asiye na jino hata moja, naye alikuwa na tegu.

Nikapanda lori la mkonge lililokuwa likielekea Pangani, nikarudi kijijini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda. Huko mjini hawakupi chakula?"

"Nakula. Bibi, nataka kukuuliza habari za vile vikopo."

"Kwani havikutosha?"

"Vilitosha. Cha mtoto kilijazwa na nani?"

Akamtazama mkwewe, mama wa mtoto. Mkwewe akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mtoto siku ile alifunga choo," bibi akasema. "Nami mwenyewe haja haikuja. Lakini baba yake alikuwapo. Yeye huwapelekea watu wa Maramba samaki wakavu, na kila akienda anakula nyama huko. Basi akatutosha sote."

"Mkagawana?"

"Tungefanyaje? Tukurudishie vikopo vitupu, wewe mgeni wetu, tena mtoto wa marehemu? Chombo cha mtu hakirudi kitupu."

"Bibi, hiki si chombo cha ubwabwa."

"Chombo ni chombo. Mama yako hakukufunza?"

Alinifunza. Nilipokuwa mdogo sikuwahi kutumwa kurudisha sahani ya jirani bila kitu juu yake. Kama ndani hamna mapochopocho, basi hata ndimu mbili. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua njia ya kisimani, na bado nikawapa watu vikopo nisiliwaze. Nikapita nyumba kwa nyumba. Nyumba ya pili walikuwa wameomba kwa jirani. "Tuliazima," mwenye nyumba akaniambia bila haya, "kama mtu anavyoazima kaa la moto." Jirani aliyewaazima alikuwa na choo cha shimo. Wao hawakuwa nacho.

Nikamwambia msimamizi wangu. Akasema niitoe nyumba ile ya tegu.

"Si nyumba moja, bwana. Sijui ni nyumba zipi."

"Utafiti wa vijijini una uchafu wake daima," alisema, bila kukusudia mzaha. "Masika yamekaribia. Hutapata muda wa kuanza upya ukakusanya vya kutosha. Daraja lako limo humu, kijana. Fikiri."

Nilifikiri. Sitaki mtu adhani nilikuwa mwadilifu. Nilikuwa nimewaudhi watu maisha yangu yote kwa kuwauliza wamejuaje: maalimu wa chuo cha Kurani, walimu wa misheni, wanasiasa waliohutubia uwanjani. Sasa mtahini angeniuliza mimi, na jibu nilikuwa ninalijua. Nikavimwaga vyote, nikavichemsha vikopo, nikarudi.

Safari hii niliwaambia barazani, "Asiyepata haja atie chumvi."

"Chumvi ya kula?" aliuliza yule mwanamke wa nyuma.

"Yoyote."

"Ee, sasa hapo umesema! Mbona hukutuambia tangu mwanzo? Tumehangaika bure."

Vikopo vingi vilirudi na chumvi. Vingine vilikuwa na bizari, maana chumvi ya nyumba hiyo ilikuwa imekwisha, na cha jumbe kilijaa dagaa. Vyenye kinyesi vilikuwa vichache. Nilitaka kurudi mara ya tatu, lakini mvua ikaanza na barabara ikafungwa. Kwenye tasnifu niliandika kwamba swali halikujibika, na nikaeleza kwa nini.

Huko chuoni, ng'ambo ya ziwa, mtahini aliisoma mbele yangu akatabasamu mahali pa dagaa. Kisha akasema, kwa upole, kwamba chuo hakitoi daraja la juu kwa swali lisilojibika. Msimamizi wangu, aliyesafiri nami, alitazama dirishani.

Nilirudi Tanga nikamkuta mama mdogo uani anachagua mchele, ungo mapajani.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu. Daraja la chini."

"Na Uingereza?"

"Hakuna Uingereza."

Aliendelea kuchagua kidogo. "Kwa sababu ya yale mavi?"

"Kwa sababu ya yale mavi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akainamia ungo, mabega yakitikisika, akasema laiti dada yake angalikuwapo akasikia. Kisha nikaona kwamba hacheki tena. Alikuwa analia kwa sauti, kama siku ile ya maziko. Nilisimama namtazama, nikingoja kama nami kitanijia kitu. Hakikunijia. Nikauondoa ungo mapajani pake kabla mchele haujamwagika, nikaketi kando yake, nikaendelea kutoa mawe.