Mwalimu wa Sauti Nne

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta mwalimu wa kumfundisha binti yangu nyumbani. Yuko mwaka wa tano wa shule na hesabu zimemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jirani akanitumia kwa WhatsApp namba ya kijana mmoja wa mtaa wa Kiriri ambaye hana hata haja ya kuja: anafundisha kwa simu, mtoto akiwa kwenye kochi, yeye akiwa sijui wapi, pengine kwa kinyozi. Nikamuuliza kama naweza kuwaweka pamoja watoto wawili watatu wa jirani. Akajibu, "Apana papa, mutoto mumoja, simu moja." Nikacheka mpaka mke wangu akachungulia mlangoni. Maana, rafiki yangu, mimi nilifundishwa na mtu aliyesema kinyume kabisa cha hayo.

Ilikuwa Carama, pembeni mwa Bujumbura, zamani, wakati mashamba ya mpunga na maharagwe yalifika mpaka kizingitini. Vyura walipiga kelele hivi kwamba mtu akitaka kukusalimia ilibidi akuvute sikio kwanza. Niliishi na nyanya yangu, muuza ndagala. Vidagaa vile vilikaushwa juu ya bati, na harufu yake ilivaa kila kitu: mashuka, kaptula yangu ya shule, nadhani hata ndoto. Asubuhi nilichota maji kwa dumu tuliloliita bidoni, jioni nilichambua maharagwe, nikitupa mawe kwa kuku ambao hawakukata tamaa kuyaonja.

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita, na mbele yangu ilisimama konkuru, ule mtihani wa taifa. Ukipita, unaenda sekondari. Ukianguka, toroli la sokoni linakusubiri. Nyanya alisema neno moja tu juu yake, akigeuza ndagala: "Mi nimezeekea hapa. We utatoka."

Basi akaanza kunitafutia mwalimu. Wakati ule hakukuwa na namba za kutumiana. Ulitafuta kwa miguu na kwa mdomo. Nyanya aliuliza kisimani, aliuliza kwa fundi baiskeli, nadhani aliuliza mpaka mbuzi. Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mkazi wa Gasenyi. Alikula sahani mbili, akanifundisha kufunga tai, hakurudi. Wa pili alikuwa karani mstaafu, mpole sana, ambaye alisinzia kabla sufuria haijachemka. Nyanya akamfunika kitenge, akaniambia nisome kimya nisimwamshe.

Halafu ikaja Jumapili. Kwaya ya watoto iliimba zaburi ndefu kama barabara ya kwenda Gitega, bila karatasi, bila kujikwaa. Nyanya akaniegemea. "Nani ameingiza maneno yote ile mu vichwa vya hawa?" Alikuwa kiongozi wao, mwanamume mwembamba aliyetoka upande wa Uvira, ambako alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kukimbilia kwetu. Misa ilipoisha nyanya alimkamata mlangoni.

"Mwalimu, niko na mutoto wa konkuru."

"Mama, mi sifundishaka mutoto mumoja. Mumoja ni solo, na solo inaleta kiburi. Uniletee wane."

"Wane nitawatoa wapi?"

"Mu lupango yenu hamuna watoto?"

Watoto! Lupango letu, ua mmoja tu, lilikuwa na nyumba tatu zinazotazamana na watoto wa kujaza mji. Nyanya akachagua binti wa muuza mandazi, ndugu wawili wa nyumba ya nyuma, na mimi. Malipo yalikuwa sahani ya ugali wa muhogo, mboga ya lengalenga, na ndagala kwa mawese yaliyonukia mpaka ng'ambo ya ziwa.

Alitufundisha kama kwaya, kwa sababu ndivyo alivyojua. Kila hesabu ilikuwa wimbo wa sauti nne. Sauti ya kwanza, mmoja wa wale ndugu, aliimba swali. Sauti ya pili, kaka yake, aliimba njia: hapa tunagawanya, hapa tunazidisha. Sauti ya tatu, binti wa mandazi, alifanya kazi yenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Mimi nilikuwa besi kwa sababu sauti yangu ilikuwa imeanza kuwa nzito, na besi ilikuwa inaimba jibu. Loo, raha iliyoje! Nilisimama nimefumba macho, wenzangu wakihangaika, kisha nikaingia kwa sauti ya kutikisa bati: "Hamsini na sita!" Majirani walipiga makofi. Nikajiona profesa.

Jioni moja nyanya akanishtua, mikono ikiwa ndani ya unga. "Samaki ya mukeke kumi na nane, nyumba tatu, kila nyumba inapata ngapi?"

Nikafumba macho.

"Nakuuliza we."

"Nangoja sauti ya tatu, Nyanya."

Hakunigombeza. Alinawa mikono taratibu, akavaa kitenge cha kutokea, akanishika mkono mpaka kwa Mwalimu. "Mutoto wangu anajua mwisho ya kila kitu," akamwambia. "Mwanzo hajui hata moja." Mwalimu akashika kichwa, akakaa chini. Akatuuliza mmoja mmoja. Yule wa swali alijua maswali tu. Wa njia alikuwa na njia tu, haimfikishi popote.

Tangu siku hiyo tukabadilishana sauti. Mtihani ulikuwa umekaribia mno, na ndugu wale walijifunza kwa kasi ya panya. Mimi nilikwama kwenye sauti ya tatu. Binti wa mandazi alinifuata mpaka mferejini, bidoni kichwani, akiniimbia tarakimu. "Tena," anasema. "We unaimba kama chura aliyekanyagwa. Tena." Sauti yangu ilipaa, ikaanguka, wanawake waliokuwa wakifua wakacheka hadi sabuni zikawaponyoka. Lakini nilikuwa nashika, kidogo kidogo.

Siku ya konkuru nilikuwa najiimbia tarakimu kwa midomo tu, msimamizi akasimama mezani kwangu. "We, unatafuna nini?"

"Hakuna, bwana."

"Basi funga mdomo."

Nikaufunga, na sauti ya tatu ikafungiwa ndani. Wenzangu watatu walipita. Mimi nilibaki.

Nyanya alipika kama kawaida jioni ile. Mwalimu alikuja, akakataa kugusa chakula kwa aibu. "Kula, Mwalimu," nyanya akasema. "Besi imechelewa kuingia. Itaingia." Nikasukuma toroli miaka mingi, tena toroli kubwa kuliko yote Bujumbura, kisha nikajiandikisha masomo ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu, nikakaa na mafundi na wauza mkaa, nikamaliza mpaka nikapewa diploma yangu.

Nilimpelekea nyanya. Alikuwa amezeeka sana, macho yamefifia. Hakutaka kuigusa ile karatasi. "Niimbie hesabu moja," akasema. Nikamwimbia yote peke yangu: swali, njia, kazi, jibu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wengine wako wapi?"

Nikamweleza. Ndugu wale wanafanya biashara Kigoma. Binti wa mandazi ameolewa Gitega, ni muuguzi. Mwalimu alirudi kwao, hatuna habari zake. Mashamba ya mpunga yamekuwa nyumba za tofali, na vyura, sijui walihamia wapi.

Akatikisa kichwa. "Imba tena. Sauti yako tu. Wengine uwaachie nafasi yao."

Nikaimba besi peke yake. Palipokuwa pa swali nikanyamaza, palipokuwa pa njia nikanyamaza, na palipokuwa pa binti wa mandazi nikanyamaza muda mrefu zaidi. Nje jirani alikuwa anakoroga ugali. Nyanya alikuwa akihesabu mapigo kwa kidole juu ya goti, hakukosea hata moja, na kila zamu yangu ilipofika alinipa ishara niingie.