Milembe Kwenye Mzani wa Pamba

Nina hasira jamani, acheni tu niseme. Dada yangu Milembe, huyu anayejulikana Kasoli nzima kwa kucheka mpaka ng'ombe wanageuka, sasa hivi akicheka anashika ukuta asianguke. Kisa? Grupu la kwenye simu! Wasichana wa sijui wapi na wapi, wanasifiana kwa kutokula. Huko haitwi Milembe. Wamempa jina, Unyoya, na yeye kalipenda kuliko lile alilopewa na bibi.

Juzi tulipeleka pamba kituoni kupimwa na kuuzwa. Tulipomaliza, Milembe akamwambia karani, Masunga, "Kaka, nipime na mimi."

"Wewe? Mzani wenyewe hautashtuka!"

Watu wakacheka. Akaning'inia kwenye ndoano kama mfuko wa pamba, akaupiga picha mzani, akaituma. Simu ikaanza kulia: mioyo, makofi, "Unyoya malkia wetu!" Akatabasamu. Mimi nikawaka.

"Hao watakushangilia mpaka kaburini!"

"Hao ndio wananielewa. Wewe unanielewa?"

"Haya, waambie leo umekula. Tuone huo upendo."

"Hawawezi kunitupa," akasema, anajiamini kweli. Akaandika kwamba leo amekula na watu wa nyumbani, ameshiba. Wala hakuwa amekula, mwongo huyo!

Mmoja akajibu: "Aibu." Mwingine: "Nguruwe." Halafu wakamtoa kwenye grupu. Masunga alikuwa hata hajashusha mzigo wa mtu aliyefuata.

Milembe akakaa chini kwenye vumbi, akalia kama kafiwa. "Sasa mimi ni nani?"

Eti ni nani! Nikamfokea mbele za watu: "Wewe ni Milembe! Mwenye mdomo kuliko wote hapa! Uliyenifundisha kuendesha baiskeli ukanisukumia kwenye mfereji, umesahau?"

Masunga hakucheka tena. Akatoa matobolwa mfukoni, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, akampa kipande. "Nisamehe, dada. Nilidhani unatania."

Hakula. Msishangilie mapema. Ila hakukitupa, alikishika mkononi njia nzima, na tulipofika akamwambia mama yeye mwenyewe, "Mayu, naumwa."

Kesho tunampeleka hospitali, Bariadi mjini. Na wale wa kwenye grupu, wale wanaomwelewa, hakuna hata mmoja aliyeuliza kama alifika nyumbani. Hata mmoja!