Shikamoo Niliyomnyima Mnyapara

Mlangoni pa duka langu la dawa hapa Mikumi nimeotesha kivumbasi. Mteja akipita, nguo ikagusa vile vishada vya maua meupe, harufu inapanda mpaka kwenye rafu za vidonge. Wapo wanaonicheka. Dereva mmoja wa lori aliniambia najiharibia biashara kwa mkono wangu, kuotesha dawa ya bure mbele ya dawa za kuuza, nikamwambia abaki na akili zake. Siking'oi.

Harufu hiyo hunirudisha Chanzuru, kwa bibi yangu mzaa mama, nikiwa na miaka tisa. Bibi alikuwa na kivumbasi kwa kila jambo: kukichoma jioni kufukuza mbu, kukinusa mafua yakibana, kumwogeshea mwenye homa. Lakini kilikuwa na mwiko wake. Mchuma dawa hasalimii mtu wala haitikii salamu mpaka ayatue majani mbele ya mgonjwa. Jamani, na kijiji kile! Kwetu uliweza kusamehewa kuiba muwa, lakini si kumpita mkubwa bila shikamoo.

Asubuhi moja mdogo wangu Rajabu, wa miaka minne, aliamka anachemka na kuweweseka, akimwita mama ambaye alikuwa safarini. Zahanati ilikuwa mbali, na Bibi hakutaka kumbeba juani akiwa wa moto vile. Akanituma mtoni nichume kivumbasi, mbio, amwogeshe kwanza joto lishuke. Nilikimbia huku nalia. Nilishaona kabisa Rajabu anakufa na mimi ndiye niliyechelewa.

Nikiwa narudi, majani nimeyakumbatia, nikamkuta Mzee Salehe. Alikuwa mnyapara kwenye mashamba ya mkonge, amestaafu zamani, lakini unyapara ulikuwa haujamtoka. Kiti chake alikiweka kando ya njia, na watoto tulijua ukifika pale unasimama, unapiga goti, unaulizwa habari za nyumba nzima mpaka za kuku. Nilimpita. Akaniita, nikaendelea. Akainuka, akanidaka mkono.

"Wewe mtoto, shikamoo huna?"

Nilimtazama usoni, jambo ambalo nalo ni kosa, nikanyamaza. Akasema siondoki pale mpaka nimsalimie. Neno lenyewe lilikuwa dogo tu, ningelisema nikaachiwa, lakini niliamini likinitoka dawa imeharibika na Rajabu basi tena. Kwa hiyo nikamng'ata. Nilimng'ata hasa, akaachia, nikatimua mbio na majani yangu.

Bibi aliyaponda, akayatia kwenye maji ya uvuguvugu, akamwogesha Rajabu mpaka nyumba nzima ikanukia. Joto likapungua, akaacha kuweweseka, Bibi akamfunga mgongoni kwa kanga tukaenda zahanati. Muuguzi alimtoboa kidole, akakuta malaria, akampa mseto, vile vidonge vya malaria, na kumwambia Bibi amefanya la maana kutongoja kesho. Watu wakiniuliza kipi kilimponya, siwafichi: mseto ndio uliotibu malaria. Kivumbasi kilitufikisha kwenye mseto. Anayetaka nikidharau kimojawapo atasubiri sana.

Jioni Mzee Salehe akaja na mkono wake, anataka nichapwe. Nami nilishajiandaa kwa fimbo, maana kumng'ata mzee si mchezo. Bibi akamkaribisha kiti, akaniita nimsalimie. Nikapiga goti nikampa shikamoo yake, naye akaitoa marahaba kwa shida. Alipofungua mdomo aanze mashtaka, Bibi akamwahi kwa sauti ya chini.

"Salamu yako umeipata, kaka yangu. Salamu husubiri. Homa haimsubiri mtu."

Sikuchapwa. Ila kwa kosa la yale meno yangu nilifagia uwanja wa yule mzee wiki nzima, na kila asubuhi alinishika kwa salamu ndefu za kunikomoa.

Miaka yote nilidhani mwiko ule ulikuwa wa majani. Nimekuja kuelewa hapa dukani, kwa kuwaona kina mama wanaofika na watoto waliolegea, baada ya kucheleweshwa na waume, wakwe, na kila mkubwa wa kuombwa ruhusa. Kivumbasi hakijui nani kasalimiwa na nani hakusalimiwa. Waliouweka mwiko ule walitujua sisi watu: mkubwa hakubali kupitwa, na mtoto hathubutu kumpita, mpaka wote wawili waogope kitu kinachowazidi. Basi wakampa mtoto ruhusa ya kumpita mtu yeyote, awe nani, mradi mkononi ana dawa na nyumbani kuna mgonjwa.

Na Mzee Salehe aliijua ruhusa hiyo, maana naye alikulia Chanzuru na mama yake alimtuma majani kama nilivyotumwa mimi. Aliyaona mikononi mwangu, akanizuia vilevile. Ameshatangulia, Mungu amrehemu. Kwa kumng'ata nilifagia. Kwa kumnyima shikamoo sikumwomba radhi, na siombi.